Singo bila harusi: ya kinu, ya pakiti na ya saluni

Singo, mchanganyiko wa maua na viungo wa kusugulia mwili, siku hizi inauzwa kwa sura tatu: mbichi iliyotwangwa kinuni, ya unga mkavu kwenye pakiti, na huduma kamili ya saluni. Kazi ni moja, kutoa nongo na kuuacha mwili laini unaonukia, lakini ubora haulingani. Ya kinu ndiyo bora. Ya pakiti inatosha kwa anayejua kuichagua. Ya saluni inategemea mkono wa anayekusinga, na zaidi inategemea kilichokorogwa bakulini kabla hujalala kitandani.

Wateja nao wamebadilika. Zamani singo ilikuwa na nyakati zake: bibi harusi akiwa ndani chini ya somo wake, mwanamke anayemfunda, mzazi anapotoka arobaini, mjane anapomaliza eda ya miezi 4 na siku 10 ambayo haina manukato wala mapambo. Mwanamke akijisinga Jumanne tu, bila harusi wala mume kurudi safari, majirani hawakukosa la kusema: anajishaua, ana lake jambo. Leo wanaoingia saluni ni mwalimu aliyefunga muhula, bibi mwenye wajukuu, binti asiye na mchumba wala haraka ya kumpata. Wanajisingia wenyewe, na hilo ni jema. Wala halikuja na meli juzi. Sahaba aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha kila usiku aliambiwa na Mtume kwamba mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo haikuwekewa sharti la kuwa na mwenza wa kuusifu mwili huo.

Tuje kwenye bidhaa. Singo ya kinu ya Unguja ina mawaridi, asumini, langilangi, mrehani, mpompia na liwa, yaani unga wa msandali. Ubora wake ni kwamba mafuta ya maua hayajaruka, kwa hiyo harufu inabaki mwilini hata baada ya kuoga. Mwili mmoja unataka konzi mbili kubwa. Kasoro yake ni kwamba haikai: nje inaanza kuchacha ndani ya siku moja, na kwenye friji usiiweke zaidi ya siku mbili tatu. Ikishanuka uchachu, itupe, kwa sababu ngozi iliyotoka kusuguliwa haina kinga ya kutosha.

Ya pakiti ichunguze kabla ya kulipa. Sugua chembe kidogo upande wa ndani wa kiganja cha mkono, karibu na kifundo. Ikiwa laini kama unga wa sembe, chukua. Ikikwaruza, ina vijiti vya karafuu au maganda ambayo hayakuchekechwa, na yatakuchana. Karafuu isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha unga, maana mafuta yake huunguza ngozi nyepesi. Pakiti yenye rangi ya njano iliyokolea imejazwa manjano, ambayo ni rahisi kuliko liwa. Utatoka na viganja vya njano na shuka zilizoharibika. Manjano huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, hivyo jifute kwanza kwa mafuta ya nazi, ndipo uoge. Na harufu ikikufikia kabla pakiti haijafunguliwa, mara nyingi ni manukato ya dukani yaliyomiminwa humo.

Kwa matumizi ya nyumbani, gramu 150 za unga zinatosha mwili mzima. Mimina maji ya waridi kidogo kidogo hadi upate uji mzito, acha dakika 10 unga unywe maji. Oga maji ya uvuguvugu kwanza ili ngozi ilainike. Paka, subiri hadi singo ianze kukauka pembeni huku katikati ikiwa bado na unyevu, kisha sugua kwa kiganja, kuanzia miguuni kwenda juu. Wengi wanaharibu hapa: wanangoja ikauke kabisa, halafu wanaikwangua, na ngozi inabaki nyekundu inayowasha. Suuza bila sabuni, jipake mafuta mwili ukiwa bado na maji maji. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Usijisinge siku uliyonyoa, wala penye ukurutu au kidonda, na usoni tumia liwa tupu.

Limao lisiingie kabisa, ingawa wengi hulishauri. Maji ya ndimu au limao yakibaki kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huunguza na kuacha mabaka meusi yanayochukua wiki, pengine miezi, kufifia.

Saluni nzuri utaijua kwa kukuonyesha unga mkavu, ikauliza kama una mzio au mimba, kisha ikachanganya mbele yako. Saluni ya kukimbia ni ile inayoleta bakuli tayari na kuahidi kukung'arisha. Singo huondoa ngozi iliyokufa, kwa hiyo mwili huonekana mng'avu zaidi, lakini rangi yako haibadiliki. Ikibadilika ndani ya wiki, umepakwa mkorogo: haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi wanachama kuacha kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo kufikia 2020, na bado makopo yasiyo na orodha ya viambato yamo madukani. Inaudhi zaidi kuona makopo hayo yakiuzwa kwa tangazo la "jipende". Anayekuuzia rangi ya mtu mwingine amekwisha kukwambia kwamba yako haifai.

Huduma nyingi humalizia kwa udi. Kubali, ila dai dirisha liwe wazi: makaa ya chetezo kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu, na mwenye pumu aache kujifukiza. Kikuba, kishada kidogo cha asumini na mrehani, kitamtosha.