Karakana ya kusaga mawe Gerezani: kwa wenye sampuli za kwatsi

Wenzangu wa jiolojia mnaouliza mawe yenu mkayasage wapi hapa Dar, nendeni Gerezani, kwa mzee mmoja aliye nyuma ya wachomelea mageti. Hana bango. Fuateni mlio wa karasha, mashine yake ya kuponda mawe.

Kazi yangu ni kuandaa sampuli za watu wanaopima umri wa sura ya nchi kwa isotopu (aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito) zinazozaliwa na miale ya anga. Miale hiyo ikigonga oksijeni iliyo ndani ya kwatsi, madini magumu kama kioo yaliyomo kwenye miamba mingi, huivunja na kuacha isotopu iitwayo berili-10, tena kidogo mno: kwenye usawa wa bahari, mbali na ikweta, ni kama atomu 4 kwa kila gramu ya kwatsi kwa mwaka. Ukishuka sentimita 60 ndani ya mwamba, kasi imeshabaki kama theluthi. Kwa hiyo ukuta wa mwamba ulioinuliwa na tetemeko, au jiwe lililoachwa juani na barafu iliyoyeyuka, linaanza kukusanya atomu kwa wingi tangu lilipofunuliwa, na ukizihesabu unapata umri wake. Sasa jiwe kama hilo lisagwe kwenye mashine yenye mabaki ya mteja wa jana. Umri utaupata, ila utakuwa wa nani?

Hapo ndipo mzee huyu anapowashinda wengine. Mzigo wangu wa karibuni ulikuwa gneisi, mwamba mgumu wenye kwatsi, kutoka Ufipa, upande wa ufa wa Kanda pale Sumbawanga, ufa unaohusishwa na tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 lililofikia ukubwa wa 7.4. Mawe ya kubeba kutoka kule huwezi kuyafanyia mchezo. Kabla hata jiwe la kwanza halijaingia, kijana wake alifungua taya za mashine, akasugua mabamba kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akapuliza kona zote kwa kompresa. Kisha akachukua kipande kidogo cha jiwe langu, akakisaga, akamwaga unga wake nje. "Hiki ni cha kusukutulia, dada," akaniambia. Akarudia hivyo hivyo kila tulipobadilisha sampuli, bila kukumbushwa.

La pili ni ukubwa wa punje. Wasagaji wengi wamezoea kazi ya dhahabu: mawe ndani ya pipa la gololi, yanatoka unga laini. Kwetu unga huo ni hasara. Tunataka punje za milimita 0.25 hadi 0.5, kwa sababu maabara inazilowesha kwenye asidi ya hidrofloriki ili kumenya ganda la nje na kuondoa berili-10 iliyoletwa na mvua. Punje nene itamenywa ibaki moyo wake. Unga utayeyuka wote. Karakana nyingine, ambayo sitaitaja, iliwahi kunirudishia mwamba mzuri ukiwa kama unga wa ngano, na hakukuwa na la kufanya. Mzee huyu alinisikiliza, akauliza "Kwa hiyo usagwe kidogo kidogo?", akapitisha mara moja kwenye taya, akachekecha, akarudisha makubwa tu. Nilichobeba kilikuwa kama sukari ya dukani, na vumbi lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia.

Bei ni shilingi 12,000 kwa sampuli ya kilo mbili, kusaga na kuchekecha. Naiona ya haki kabisa ukizingatia kwamba mashine ya kuhesabu atomu hizi hapa nchini hakuna. Ya karibu ni ile ya maabara ya iThemba LABS, Johannesburg. Kupeleka gramu chache za kwatsi safi na kupeleka gunia la mawe si gharama moja.

Lawama ninazo. Vumbi la kwatsi ni sumu ya mapafu, na vijana wale wanafanya kazi na kitambaa usoni. Nilimwambia mzee baada ya kumwamkia, kwa heshima: anunue barakoa za kweli, au aweke feni ya kuvuta vumbi nje. Akaitikia kwamba nina haki. Nitakapokwenda tena nitaangalia hilo kabla ya kitu kingine, na nyinyi pia muulize, maana anawasikia wateja. Pia wanaandika namba ya sampuli kwa maka peni juu ya mfuko, na maji yakigusa inafutika. Wekeni karatasi ya pili ndani ya mfuko, imefungwa kwenye plastiki.

Wenye mawe ya Kilimanjaro, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Mlima ule ni wa volkano, kwatsi hamna ya kutegemea, ndiyo maana vilima vya kifusi vilivyoachwa na barafu yake vilipimwa kwa klorini-36, isotopu nyingine ya miale ya anga isiyohitaji kwatsi, na umri uliopatikana kwa baadhi ni kama miaka 20,000. Mzee anasaga basalti, mwamba wa volkano, vizuri, lakini inakula mabamba, hivyo anaongeza 3,000. Mlipeni.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Ya tano inasubiri barakoa. Jumamosi anafunga saa sita mchana. Wahini asubuhi, kabla wachomeleaji hawajaanza, maana wakiwasha mashine zao umeme unalegea na karasha inakwama katikati ya jiwe.