Msumeno wa meza: breki ya diski au bamba la nyuma?

Kwa seremala wa Moshi anayepasua mbao nyumbani, breki ya SawStop, chapa ya misumeno ya meza, ambayo hutambua badiliko la umeme pale ngozi inapogusa diski yenye meno na kuisimamisha ndani ya milisekunde 5 hivi, ndiyo kinga bora ya vidole. Hata hivyo, ikishafyatuka, kasha lake halitumiki tena, na ubao wenye maji mengi unaweza kuifyatua bure. Bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski halina gharama hiyo, nalo huzuia mpasuo usijifunge na kuurusha ubao kifuani, hatari ambayo breki haikuundwa kuiondoa. Mimi ningeanza na bamba na kijiti cha kusukumia, kwani mbao yetu ya mti wa grevilea huuzwa mara nyingi kabla haijakauka. Nimeona ubavu wa ubao wake ukiwa na michirizi myeusi ya kuungua, pale mpasuo ulipojifunga na kuibana diski.