expm ndani ya R: maoni ya karani wa malori, Changamwe

Bosi wangu ana swali moja kila asubuhi: haya malori yaliyo barabarani leo, mangapi yatakuwa gereji keshokutwa? Jibu lake linatokana na kupandisha matriksi (jedwali la namba) kipeo, yaani kuizidisha kwa nafsi yake. Natumia R, programu ya bure ya takwimu, pamoja na kifurushi chake cha nyongeza kiitwacho expm.

Tuchukue namba za mfano. Lori lililo kazini leo lina uwezekano wa 0.8 wa kuwa kazini kesho, na 0.2 wa kuwa gereji. La gereji lina 0.3 ya kurudi njiani, 0.7 ya kubaki kwa fundi. Namba hizo nne ndizo matriksi yangu, niiitayo A. Ukiandika A^2 kutafuta keshokutwa, R inanyamaza tu na kuzidisha kila namba kwa nafsi yake: mstari wa lori la kazini unakuwa 0.64 na 0.04. Jumla 0.68! Mengine yamezama Kilindini? Andika A %^% 2, upate 0.70 na 0.30, malori yote yapo. Hata exp(A) ya kawaida, inayopandisha namba e (2.718...) kwa kipeo, ina mchezo huohuo: inashika kila namba peke yake, na kila sifuri inageuka 1. Ipe expm(), inayopandisha e kwa matriksi nzima, matriksi ya sifuri tupu, inarudisha 1 kwenye ulalo (toka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia) na 0 kwingine, kama inavyotakiwa.

Alama ya %^% hupokea kipeo cha namba nzima tu, kuanzia 0. Ubahili huo! Lakini kuna logm, inayotafuta logi ya matriksi, kinyume cha expm, na expm(0.5 * logm(A)) inanipa hali ya nusu siku: lori la kazini lina 0.883 ya kuwa bado kazini. Basi bosi akiuliza habari za jioni, ninalo la kumjibu. Ila angalia, si kila jedwali la siku lina logi ya kutumika. Ikitoka na namba hasi nje ya ulalo, hizo si kasi za kuhama toka hali moja kwenda nyingine, usimpelekee mtu.

Mwaka 1978 Cleve Moler na Charles Van Loan walichambua njia 19 za kukokotoa hesabu hii ya expm, zote wakaziita za mashaka. Mfululizo wa Taylor (kujumlisha vipande vya vipeo kimoja kimoja), kwa mfano, matriksi ikiwa na namba kubwa hasi, vipande vikubwa hufutana na tarakimu za kweli hupotea humo. Kifurushi kinakuachia uchague njia. Usipochagua, kinatumia njia iitwayo Higham08.b. Mimi siigusi.

Kinachoniudhi ni kwamba kifurushi kingine cha R, Matrix, nacho kina expm yake. Ukifungua vyote viwili, cha mwisho kinafunika cha kwanza. Andika expm::expm(A), yaani expm ya kifurushi cha expm, ulale usingizi. Na maelezo yake, yakhe, yameandikwa kwa wanahisabati, hayana huruma na karani.

Nyota nne kati ya tano. Kwa hali mbili kama zangu za mfano, MMULT ya Excel, fomula ya kuzidisha matriksi, inatosha. Ukishaongeza foleni ya bandarini, mizani ya Mariakani na lori linalosubiri mzigo, pakua expm.