Dawa ya kugeuza kutu: tathmini baada ya kuipaka kwenye chesisi ya Land Rover

Gari ninayoifufua bandani kwangu Wete, Pemba, ni Land Rover Series IIA, aina iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971, na ndiyo iliyombebea marehemu babu magunia ya karafuu kutoka shambani hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa hiyo ukiitazama kwa mbali utasema haina neno. Chesisi, yaani fremu ya chini inayoibeba bodi, hata hivyo, ni ya chuma, na miaka iliyokaa chini ya mwembe ikipigwa na upepo wa bahari imeifanya ibanduke magamba kama samaki.

Dawa ninayoizungumzia ni ya majimaji, huuzwa katika maduka ya rangi, na chupa yangu ya lita moja niliinunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 28,000. Kiini chake ni asidi ya fosforiki, ambayo ikikutana na kutu huigeuza kuwa tabaka jeusi la fosfeti ya chuma, na rangi hushika vizuri juu ya tabaka hilo. Magamba yaliyolegea haiyashughulikii. Hayo huondolewa kwanza kwa brashi ya waya na msasa, kazi iliyonichukua siku nne nikiwa nimelala chali.

Mara ya kwanza sikuridhika nayo. Masika yalipoanza, upande wa kushoto wa chesisi ulitoa malengelenge ya kahawia chini ya rangi mpya, ilhali wa kulia ulibaki mweusi na mkavu, nami nilikuwa nimeupaka kwa chupa ile ile na siku ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: upande wa kulia niliuosha kwa maji ya bomba ili kuondoa tope, na wa kushoto sikuuosha. Chumvi iliyojificha ndani ya vitundu vya kutu huvuta unyevu, na dawa huifunika bila kuiondoa. Maelezo ya chupani hayakutaja chumvi hata kwa neno moja, jambo ambalo kwa mtu wa visiwani ni upungufu mkubwa. Nilikwangua upya, nikaosha mara tatu, nikaacha pakauke kabisa, kisha nikapaka tena. Mvua zote zilizofuata hazikuleta lengelenge hata moja.

Nimejifunza pia kutoipaka juani, kwa sababu hukauka kabla haijamaliza kazi yake na kuacha mabaka. Siku hizi huipaka baada ya alasiri. Vipande vya chuma vya bodi vilivyopakwa zinki huvifunika kwanza, maana asidi hiyo huila zinki. Glavu na miwani ni lazima, hasa kwa anayepaka akiwa chini ya gari.

Ndani ya chesisi ni habari nyingine. Mihimili yake ina uwazi kama bomba la mraba, maji na tope hukaa humo, na kutu nyingi huanzia ndani kuja nje, mahali ambapo brashi haifiki. Nilijaribu kuipuliza dawa hiyo kupitia matundu yaliyopo, lakini juu ya kutu isiyokwanguliwa wala kuoshwa siitarajii kufanya kitu. Kwa sehemu hiyo sipendekezi kupoteza fedha. Nimeona afadhali kupuliza oili nzito.

Kuhusu boriti ya nyuma, muuzaji aliniambia, "Paka mara tatu tu, mwanangu, itashika." Niliigusa kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Hakuna dawa ya kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Fundi ataikata boriti hiyo na kuchomelea nyingine. Robo iliyobaki chupani nimeiweka kwa ajili ya mabano ya springi, ambayo tayari nimeyaosha.