Nzi tu, bwana: kutwa ya kuvua trauti mto Thego, na kisa cha kamba wangu wakavu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nililipa shilingi 3,500 kwa kutwa nzima ya kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi: ufito wa kuvulia, gambuti ndefu za kufika mapajani, nzi sita wa bandia wa kufunga kwenye mshipi badala ya chambo, na kijana wa kutuongoza. Leseni unajitafutia mwenyewe, chakula unabeba. Jina la wenye kazi silitaji, kwa sababu nina la kuwasema mbele huko na sitaki kuharibiana riziki. Wako nje kidogo ya Kiganjo, kaunti ya Nyeri, upande unaopandia Mlima Kenya.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Nimevua tangu nina miaka saba, kwa mshipi wa mkono, chubwi la risasi na chambo cha ngisi, na kwetu mtu akishuka pwani bila chambo huulizwa kama anakwenda kuoga. Kazi imenileta Nyeri, huu mwaka wa pili. Wenzangu wawili hapa, mmoja mwalimu wa hesabu, mwingine daktari wa ng'ombe, wamekuwa wakinitania tangu siku niliyowaambia kuwa najua kuvua. "Wewe unajua kungoja," Mwalimu akasema. "Kuvua ni kitu kingine." Basi tukaenda, watatu, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kung'atisha meno.

Kijana akaja kutupokea, akatupa mkono mmoja mmoja, akasema, "Karibuni sana, mimi ndiye gaidi wenu." Nikatazama njia ya kutokea. Kumbe alikuwa anatumia neno la Kizungu la mwongozaji. Tukamwita Gaidi mpaka jioni, na wala hakuudhika.

Huyu Gaidi ndiye sababu ya mimi kuandika. Kabla hajatupa ufito hata mmoja alitusimamisha ukingoni akatusomea masharti kama kadhi anayefungisha ndoa. Nzi tu. Hakuna nyungunyungu, hakuna panzi, hakuna mkate, hakuna mayai ya samaki, hakuna vile vichuma vinavyozunguka na kumetameta. Kile kijino cha ndoana, kinachoizuia isichomoke, kibanwe kwa koleo mpaka kilale. Samaki mdogo arudi majini, na mkono uloweshwe kwanza kabla ya kumshika, usimtoe ule utelezi wa ngozi. Mkubwa, kila mtu wawili, basi.

Nikamuuliza, kwa heshima, kama huyo samaki wao ni mkubwa kuliko changu wetu hata awekewe sheria nyingi hivyo. Nilidhani atanijibu kwamba trauti ni samaki wa kizungu, hali nyungunyungu. Akasema kinyume. "Mzee, si kwamba hampendi nyungunyungu. Anampenda mno. Hapo ndipo shida ilipo." Akaeleza: trauti akipata chambo halisi hukimeza mpaka tumboni, na ndoana inakwenda nacho. Ukimvuta umemchana matumbo, na hata ukimrudisha mtoni umemrudisha maiti. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi. Akimtia mdomoni anaonja uongo papo hapo, anataka kumtema, na ndoana humshika mdomoni pembeni. Unaichomoa, anaenda zake. Mto wenyewe ni mwembamba, mahali pengine naruka bila kukimbia. Watu kumi wenye makopo ya nyungunyungu wangeumaliza katika likizo moja ya Desemba.

Nikakubali kwa kichwa. Mfuko wangu haukukubali, lakini hilo linakuja.

Kuhusu nzi wenyewe sina neno ila sifa. Watu wengi hawajui kwamba Kenya ni moja ya nchi zinazofunga nzi hawa kwa mkono na kuwauza ng'ambo. Mzungu anayevua mtoni kwao Ulaya huenda ana kwenye kofia yake nzi aliyefungwa na mama mmoja Nairobi ambaye hajawahi kumwona trauti. Sita tuliopewa walikuwa kazi safi, kichwa kimefungwa kikafungika, manyoya hayang'oki. Tulikuwa na Coachman, tulikuwa na Mrs Simpson, na mweusi mmoja mnene anaitwa Kenya Bug, asiyefanana na mdudu yeyote ninayemjua. Gaidi akasema huyo mweusi ndiye wa kuaminiwa maji yakiwa na kivuli. Nilimtilia shaka. Nilikosea.

Sasa lawama. Ufito nilioupewa ulikuwa umevunjika ncha ukaungwa kwa gundi na uzi, na kwenye kiungo mshipi ulikuwa ukikwama kila ninaporusha. Anayejua uvuvi huu ataelewa: hakuna chubwi, uzito wote uko kwenye mshipi wenyewe, ule mnene wa manjano, na usipoteleza vizuri unakurudia shingoni. Ulinirudia shingoni mara tatu. Mara ya nne ulinasa kwenye mti na nikapoteza Coachman wangu. Daktari alikaa chini kwenye jiwe akicheka. "Mpwani anavua mbega!" akasema, maana kweli juu ya mti ule kulikuwa na mbega wawili wakitutazama na mikia yao meupe. Gambuti nazo, mguu wa kushoto ulikuwa unavuja, na maji ya Thego yanatoka mlimani juu kule. Hayo si maji ya kuingia kwenye soksi. Kwa shilingi 3,500 natarajia mguu mkavu.

Ilipofika saa nne, Mwalimu ana mmoja, Daktari ana wawili amewarudisha, mimi nina soksi. Ndipo shetani akanikumbusha mfuko wa koti. Nilikuwa nimebeba kamba wakavu, kiganja kimoja, ambao mke wangu alitumiwa kutoka nyumbani. Sikutaka kuwatia kwenye ndoana, wallahi. Nilitaka tu kumpaka nzi harufu kidogo, apate uchangamfu. Nikajificha nyuma ya jiwe, nikamsugua Kenya Bug kwa kamba mpaka akanuka kama soko la Kongowea.

Harufu ile milimani haina pa kujificha. Gaidi alikuwa hatua thelathini chini ya mto, akainua pua. "Nani amefungua duka la dagaa?"

Kesi ilisikilizwa papo hapo. Mwalimu akawa kiongozi wa mashtaka. Nikajitetea kwamba sheria imekataza chambo, haikukataza marashi. Daktari akasema kwa ushahidi wa kitaalamu kwamba samaki ana pua. Hukumu: nzi yule aoshwe kwa mchanga, kamba wagawiwe wote (waliwala na chai ya chupa, na hakuna aliyelalamika harufu hapo), na mshtakiwa anunue chai na mandazi ya watu wanne Kiganjo wakati wa kurudi. Ninachompendea Gaidi ni hiki: alicheka na sisi mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, bila utani, kwamba nikirudia ananitoa mtoni na pesa harudishi. Nikaona kweli anamaanisha. Kijana wa umri wa mwanangu! Lakini mto ukipata watu kama yule utadumu.

Akanibadilishia ufito, akanipa wake mwenyewe. Kwa nini hakunipa tangu asubuhi sijui. Akanipeleka kwenye kidimbwi chini ya maporomoko madogo, maji meusi, akasema, "Wewe ni mtu wa Kilindini, basi kilindi ndicho hicho." Akanifundisha kurusha nzi juu ya mkondo na kumwacha ashuke mwenyewe, nisimvute. Huko kwetu ukihisi kamguso unakaza mkono. Hapa mshipi ulisimama tu kidogo, kama mtu aliyesahau anachotaka kusema, nikainua ufito, naye yuko.

Hakuwa mkubwa. Kama urefu wa kiganja na nusu, mgongo wa kijani, madoa meusi mpaka mkiani, na ule mstari wa waridi ubavuni. Kijana akamkinga kwa kimia. Ndoana ilikuwa pembeni ya mdomo kama alivyosema, ikatoka kwa kidole kimoja, sikuhitaji hata koleo. Nikamshika ndani ya maji, akatulia kidogo mkononi, kisha hayupo. Nimevua tewa wa kunivunja mgongo ambaye simkumbuki vizuri kama ninavyomkumbuka huyo.

Baadaye nikapata wawili wa kubeba. Nilipowapasua nyumbani, tumboni mwa mmoja nilikuta vipande vya kaa wa mtoni. Nikawapigia wenzangu simu: kumbe yeye anaruhusiwa kula kaa, mimi kamba wamenifungulia kesi!

Hawa samaki si wenyeji, kama hukujua. Grogan, yule mlowezi, ndiye aliyeleta mayai kutoka Scotland mwaka 1905 na kuwatia mto Gura, kule Aberdare. Trauti wa mstari wa waridi, kama yule wangu, ni aina nyingine, walikuja baadaye. Siku hizi Kiganjo penyewe pana kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti. Kwa hiyo ni wageni, kama mimi, na wamezoea baridi kunishinda.

Nawapa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeitoa kwa gambuti na ule ufito wa gundi, wakitengeneza nitairudisha. Nenda katikati ya wiki, kuna nafasi. Beba soksi mbili. Ukienda na mtoto mwambie mapema asichimbe nyungunyungu ukingoni, maana Gaidi haangalii umri. Na kaa karibu naye, usipande peke yako, msitu ule una nyati na tembo. Tuliona kinyesi kibichi njiani na hakuna aliyetania dakika tano nzima.

Samaki mke wangu aliwapika mchuzi wa nazi, na ndimu, na pilipili mbichi mbili. Nikawatumia wenzangu picha. Daktari hakujibu. Mwalimu akajibu baada ya saa nzima: "Trauti kwa nazi? Hilo nalo ni kosa. Chai tena Jumamosi."