Mota ya cherehani: isikilize inapozimwa, ndipo ulipe

Desemba iliyopita niliingia duka moja jirani na Makoroboi, hapa Mwanza, nikiwa na haraka ya sare. Shule hufunguliwa Januari, na akina mama wa mtaa wetu wa Mabatini walikuwa wameshaniletea vitambaa. Nilitaka mota ya kufunga kwenye cherehani yangu ya miguu, Butterfly niliyoachiwa na mama. Muuzaji akaitoa kwenye boksi, akaichomeka palepale kaunta, akabonyeza pedeli kwa kiganja. Mota ikaimba sauti nyembamba, safi. Nikalipa shilingi 65,000, nikaondoka zangu.

Wiki ya pili ikaanza kukwaruza, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga ufukweni. Nyumba zetu zimepanda mlimani, ukuta wa huyu ni mgongo wa yule, na mawe yanarudisha kila sauti. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Saa tatu usiku akabisha hodi, akaniambia kwa upole, "Dada, naomba uipumzishe mashine, mtoto hajalala tangu magharibi." Nikazima, nikamwomba radhi. Asubuhi ndipo nilipoona vumbi jeusi limetua juu ya mashati meupe ya watoto wa watu, laini kama masizi. Nilifua mashati 11. Matatu hayakutakata, nikayanunulia kitambaa kingine kwa hela yangu.

Nilipowasimulia washonaji wenzangu, nikakuta aliyeko Igoma yamemkuta, na dada mmoja wa Nansio kule Ukerewe naye yamemkuta, tena yeye alivuka ziwa kuja kununua. Wote mota zao ziliimba vizuri kaunta. Kwa hiyo hapa sitazungumzia wati, wala rangi, wala ukubwa wa boksi. Wati zilizoandikwa kwenye kibati ni umeme unaoliwa, hazikuambii kama mota itakaa. Nitazungumzia sauti, kwa sababu sauti ndiyo inayotangulia kuharibika kabla kitu kingine hakijaonekana, na hakuna mnunuzi anayeisikiliza sawasawa.

Kosa letu sote ni kusikiliza mota inapokimbia. Mota ndogo hizi za kufunga ni za kaboni: ndani kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua duara la shaba ili kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ikiwa haina mzigo hukimbia kasi sana, na kasi hiyo humeza makosa yote. Iache ipate mwendo, kisha achia pedeli ghafla, sogeza sikio, usikilize zile sekunde chache inapopoteza mwendo mpaka isimame.

Sauti inayokatika papo hapo unapoachia pedeli ni ya umeme. Huo ni mvumo wa bati za ndani, na mara nyingi hauna madhara, isipokuwa ukiwa mkali kiasi cha kutetemesha meza. Sauti inayobaki baada ya umeme kukatika ni ya chuma, na hiyo ndiyo ya kukufanya utoke dukani mbio. Mluzi unaoshuka taratibu pamoja na mwendo ni bushi kavu, yaani ile pete ambamo shafti, mhimili wa mota, huzungukia. Kukwaruza kusikolingana, mara kupo mara hakupo, ni shafti inayocheza ndani ya bushi iliyolegea. Mchakacho wa haraka kama kumbikumbi kwenye taa ni kaboni inayoruka juu ya shaba isiyo laini. Mota nzuri hupungua kama pumzi, ikasimama bila kushtuka.

Kisha chomoa waya, ushike ncha ya shafti kwa kidole gumba na cha shahada. Isukume ndani na nje: ikicheza kidogo sana, unene wa karatasi ngumu, hiyo ni haki yake. Itikise juu na chini: hapo isicheze kabisa. Ile yangu, nilipoifungua kwa bisibisi mezani, shafti ilitikisika juu na chini mpaka nikasikia tik tik kwenye ukucha. Ilitikisika hivyo tangu dukani, ni kwamba sikuishika. Kaboni moja ilikuwa imelika upande kama sabuni iliyoachwa kwenye maji, kwa sababu shaba ilikuwa inaigonga badala ya kuipapasa. Vumbi la mashati lilitoka hapo.

Ukitaka shahidi mwingine, washa redio ndogo ya masafa ya kati karibu na mota. Cheche za kaboni husikika redioni kama mkoromo. Cheche ndogo za buluu kwenye ncha ya kaboni ni za kawaida. Zikizunguka duara zima kwa rangi ya machungwa, rudisha kwenye boksi.

Sasa nipange, kutoka ninayoipenda mpaka nisiyoipenda.

Ya kwanza ni mota ya sevo iliyofungwa chini ya meza, juu pakiwa na kichwa, yaani cherehani yenyewe, cha kampuni ya Juki. Naipendelea Juki na sifichi. Kichwa cha DDL-8700 kimetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika, nasi wa mtaani hatuihitaji hata nusu yake, kwa hiyo kinafanya kazi kimepumzika na sauti yake inabaki chini. Vipuri vyake fundi yeyote anavijua, na kichwa kilichotumika kikitunzwa mafuta kinasikika vizuri kuliko vingine vipya vingi nilivyovijaribu. Mota ya sevo yenyewe haina kaboni ya kulika. Huzunguka pale tu unapokanyaga, na ukiinua mguu inanyamaza kabisa, ukasikia hata maji yakichemka jikoni. Ina kitufe cha kupunguza kasi, nami nimeifunga chini kabisa kwa binti ninayemfundisha. Jirani yangu sasa ananiuliza kama siku hizi nimeacha kushona usiku.

Mota hii huwezi kuipima kwa kuiachia, maana kisanduku chake cha umeme huifunga breki. Yenyewe unaizungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Utahisi inashika na kuachia kwa hatua ndogo zilizo sawa: ni sumaku zake, usiogope. Unachotafuta ni mkwaruzo katikati ya hatua hizo. Mluzi mwembamba inapokwenda polepole nao ni wa kawaida. Adui yake ni umeme unaorudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, subiri taa zitulie, ndipo uchomeke. Kisanduku kikiungua, umenunua nusu ya mota upya.

Ya pili ni cherehani yenye mota ndani ya kichwa chenyewe, bila mkanda. Juki wanazo, Jack wanazo. Kwa utulivu wa sauti hakika zinaishinda hata ile ya kwanza, kwa kuwa hakuna mkanda wala puli. Nimeziweka nyuma kwa sababu moja tu. Mota ya chini ya meza ikifa, unafungua nati, unaweka nyingine yoyote inayoingia. Ya ndani ya kichwa inataka mwenzake hasa, na kumsubiri mwenzake afike Mwanza kwa basi wakati wateja wamekaa kwenye benchi, mimi siwezi. Mwenye kiwanda kidogo chenye mashine tano au sita, anunue hizi bila wasiwasi.

Ya tatu ndiyo wengi wetu tunayo, ile ya kaboni ya kufunga kwenye cherehani ya nyumbani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu inaweza kuwa nzuri au mateso, na boksi ni lilelile. Uliza kama shafti inakaa kwenye beringi au bushi. Zenye beringi ni chache, ukipata ongeza hela uchukue. Zenye bushi si mbaya: bushi njema ni ya shaba iliyojaa vitundu vidogo vilivyonyonya mafuta, na hujilainisha yenyewe inapopata joto. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande baada ya miezi kadhaa linatosha. Mafuta ya kupikia usiyasogeze. Yanaganda, yanakamata vumbi la kitambaa, na bushi inasagika. Na tone likizidi, likaingia kwenye kaboni, umeleta cheche mwenyewe.

Kabla hujailaumu mota, vua mkanda uiwashe peke yake kwa mwendo mdogo, tena kwa muda mfupi. Kama kelele imeisha, mara nyingi mota haina kosa. Tazama mkanda: kugonga tok tok kunakofuata kasi ya kushona mara nyingi ni kiungo cha mkanda kikipita kwenye puli, au skrubu ya puli iliyolegea. Mkanda ukikazwa mno nao unavuta shafti upande mmoja na kula bushi. Ubonyeze katikati kwa kidole, ulegee kidogo. Na kama mvumo unatoka mezani, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya mota na chuma inapofungwa. Kwa rafiki yangu wa Nyegezi dawa ilikuwa hiyo peke yake, baada ya fundi kumwambia anunue mota mpya.

Ya nne ni mota ya klachi, lile dude zito la nusu hosipawa linalozunguka tangu unapowasha swichi mpaka unapozima, ukishona usishone. Najua wazee wanaliheshimu, na kweli linadumu. Anayeshona maturubai, viti vya magari au matanga ya mitumbwi ana sababu ya kuwa nalo, akiwa na chumba chake. Lakini kwenye nyumba ya kupanga, hapana. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, nao huvuta chuma cha mota mara mbili kila mzunguko, ndiyo maana linavuma mitetemo 100 kwa sekunde saa zote, hata unapotunga uzi. Mvumo huo hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Na LUKU, mita ya umeme, inasoma unapopima kifua cha mteja. Ukilazimika, lizime na ulisikilize likipungua: linachukua muda kusimama, kwa hiyo beringi mbovu haina pa kujificha. Likivuma bila kuzunguka unapoliwasha, zima haraka, uende kwa fundi aitazame kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka.

Zile za bei ya chini zisizo na jina kwenye kibati, sina la kusema. Mashati matatu yamesema.

Ninachotaka kusema kwa urefu ni wauzaji. Niliirudisha ile mota siku ya kumi na tano. Kijana aliyeniuzia hakuigusa. Alinyoosha kidole kwenye maandishi ya chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akaniambia, "Dada, mota zote zinalia." Nimeshona miaka 19. Najua mota inayolia na mota inayoumwa. Nilipomwomba achomeke mpya niisikilize ikizimwa, akasema ninamchafulia wateja. Wiki iliyofuata nilimtuma kaka yangu, ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, aulizie mota ileile. Akatajiwa 50,000. Tofauti ya 15,000 ni nini, kama siyo kwamba mimi ni mwanamke na ni Desemba? Wanajua mwezi huo mshonaji hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo bei inapanda na majaribio yanakataliwa. Mshonaji ndiye anayewapa kula mwaka mzima, uzi, sindano, mikanda, vyote ananunua kwao. Dakika mbili za kusikiliza ni haki yake.

Kwa hiyo nunueni Machi au Aprili, pirika zikiwa zimetulia. Nendeni wawili. Beba cherehani yako kama ni ya kubebeka, mota ifungwe palepale na ishone kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha iachiwe mbele yako. Muuzaji akikataa, toka. Makoroboi na barabara za jirani zina maduka mengi, na wapo wanaokubali: niliyenunulia sevo alinivutia kiti, akazima feni ya duka ili nisikie vizuri. Nilimlipa bila kuomba apunguze.

Risiti iandikwe namba iliyo kwenye kibati cha mota, siyo neno "mota" tu. Na kama umechukua ya kaboni, chukua palepale jozi mbili za akiba, ukizipima kando ya zilizomo, maana pana kwa kiasi cha ukucha haitaingia, na nyembamba itacheza. Kaboni mpya huhitaji kushona polepole kwa muda mpaka ikae kwenye mviringo wa shaba. Mimi hufanya hivyo kwa kupinda mataulo ya jikoni, kamwe si kwa shati jeupe.