Korneti ya mtumba na kitabu cha mazoezi cha Clarke, miezi saba ya kuvitumia hapa Tabora

Habari zenu wapiga tarumbeta. Watu wengi wa kikundi chetu wananiuliza kuhusu ile korneti (aina ya tarumbeta) niliyoagiza Dar na lile daftari la springi ninalotembea nalo kila mahali, ndo hicho kitabu cha Clarke, basi naandika mara moja kila mtu asome.

Korneti kwanza. Nimeichukua mtumba laki nne na nusu kwenye duka moja Kariakoo, wakaniambia iko fiti kila kitu, ikaja na treni, nimeifungua hapo hapo nje ya stesheni bodaboda ananisubiri, nakuta valvu ya pili, kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, imekwama haishuki hata ukandamize kwa dole gumba, na mrija mmoja mdogo umeachia kwenye lehemu. Nawapigia wanasema itakua imeharibikia njiani. Niliumia jamani, ile ilikua hela ya asali ya msimu mzima. Hao wa dukani siwapi hata nyota mbili, mtu anayekuuzia chombo cha kupuliza apulize usikie hata kwa simu kabla hujatuma hela, msikubali chini ya hapo. Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi rejeta wa mtaa wa Ng'ambo hapa hapa Tabora, hajawahi kushika tarumbeta maisha yake ila shaba anaijua, akailoweka valvu kwenye mafuta siku tatu, akalehemu ule mrija hata alama huioni, elfu kumi na tano tu. Huyo nyota zote tano.

Sasa sauti. Kuna wanaosema korneti ni trumpeti fupi, sio kweli, bomba ukilinyoosha urefu ni ule ule, karibu mita moja na nusu, tofauti ni kwamba la korneti limekunjwa zaidi na linapanuka taratibu, la trumpeti sehemu kubwa lina upana ule ule. Ndio maana trumpeti inachoma na korneti inaimba. Ukiwa unaongoza sauti ya kwanza mbele ya kwaya ya akina mama utaelewa nachosema.

Kitabu ndo hasa kilichonifanya niandike. Ni cha mazoezi, kimetoka 1912, mwandishi Herbert L. Clarke, na kwa vile ni cha zamani kinapatikana mtandaoni bure, nimechapisha stationery nikabandika springi elfu sita. Zoezi la kwanza kabisa noti zinapanda nusu sauti nusu sauti na kushuka, hakuna kingine, ila anataka urudie mara 8 mpaka 16 kwa pumzi moja, na upige kwa sauti ya chini sana. Mimi nimezoea kupiga kwa nguvu miaka yote, sisi hapa mpigaji mzuri ni yule anayesikika mpaka mtaa wa Kanyenye, wiki ya kwanza sikufika hata mara tatu, sauti inakatika, midomo inatetemeka. Mwezi wa pili nikafika mara sita. Sasa hivi nane nafika na noti za juu zinatoka bila kukaza shingo.

Nikataka kujua huyu mtu ni nani. Kazaliwa 1867 Woburn, Massachusetts, baba yake mpiga kinanda cha kanisa, familia ikahamia Toronto, huko akapiga kwenye bendi ya kikosi cha Queen's Own Rifles. 1892 akaingia bendi ya Gilmore, mwaka unaofuata akaenda kwenye bendi ya John Philip Sousa, kiongozi wa bendi maarufu wa Marekani, na amekua mpigaji wake wa solo kwa vipindi mpaka 1917. Fikiria enzi hizo hakuna maiki, unasimama mbele ya bendi nzima, mara nyingi uwanja wa wazi, korneti peke yake, na watu wa nyuma wasikie! Halafu mtu huyo huyo anakwambia nyumbani jizoeze kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipomwamini. Bendi ya Sousa ilizunguka dunia, 1911 wakapiga Afrika Kusini, na mwaka kitabu kinatoka ndo reli ilikua inafika hapa kwetu Tabora.

Kitu kingine kilichonigusa, alipoacha kwa Sousa hakukaa kula sifa, alienda Huntsville, mji mdogo Kanada, akaongoza bendi ya kiwanda cha ngozi, kisha kuanzia 1923 bendi ya mji wa Long Beach, California, kwa miaka 20. Amefariki 1945, kazikwa Washington makaburi yale yale aliyolala Sousa.

Kasoro za kitabu zipo. Noti ni za mistari mwanzo mwisho, na wengi wetu tumelelewa na do re mi za kwaya, mimi nimekaa jioni nyingi naandika namba za vidole (valvu ipi ubonyeze) kwa penseli chini ya kila noti. Maelezo machache na ni Kiingereza. Kama ndo unashika tarumbeta mara ya kwanza kitakukatisha tamaa, jifunze nyimbo za kanisa mwaka mmoja kwanza.

Pasaka hii alfajiri pale makaburini nilipewa ubeti mmoja peke yangu. Nikaupiga kwa sauti ya chini, kwa pumzi ndefu, bado giza, na waliokua mwisho kabisa karibu na uzio wakaniambia wamesikia kila noti.

Nakala yenye namba za vidole nimeiacha kwa katibu wa kikundi, kaipigeni kopi, ila penseli msifute.